Ramani za majivu ya volkano na usalama wa ploti yako

Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Suswa na kukata barabara ya Mai Mahiu–Narok. Wapo waliodai kwamba Afrika inagawanyika. Wanajiolojia wengi walitoa sababu iliyo karibu zaidi: eneo hilo limefunikwa na majivu ya kale ya volkano. Majivu hayo hayajashikamana kama mwamba. Maji yakipenya kwenye nyufa za zamani huyasomba chini kwa chini, na udongo wa juu, usioonyesha dalili yoyote, huporomoka ghafla.

Mfumo wa taarifa za kijiografia, yaani GIS, husaidia kutambua sehemu kama hizo mapema. Picha za setilaiti, miinuko, mikondo ya maji, ramani za miamba na rekodi za visima huwekwa juu ya ramani moja. Kisima huonyesha unene wa majivu pale kilipochimbwa. Vikilinganishwa vingi, unene wa sehemu za katikati hukadiriwa. Panapokutana majivu mengi, mkondo wa maji na ufa wa zamani, hapo ndipo pa kukaguliwa kwanza.

Ukaguzi wenyewe bado ni wa miguu, kwa kuwa picha ya setilaiti haioni pango lililo chini ya udongo. Anayenunua ploti eneo la namna hiyo awaulize pia wazee wa hapo maji ya mvua hupotelea wapi.