Tishu za Ubongo na Ridhaa ya Wenyewe

Mwaka 1934, katika jarida la wanaanatomia wa Uingereza, ilichapishwa makala ya F. W. Vint, mtaalamu wa maradhi katika maabara ya serikali ya kikoloni mjini Nairobi, ambaye, baada ya kukusanya bongo 100 za Waafrika, kuzipima uzito na kuzikata vipande vyembamba vya kutazamwa kwa hadubini, alitangaza kwamba gamba la ubongo wa Mwafrika lilikuwa jembamba kuliko la Mzungu kwa karibu asilimia 15. H. L. Gordon, tabibu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliifurahia hesabu hiyo, kwani iliafiki aliyokwisha kuyaamini. Na hata mwaka 1953 J. C. Carothers, naye aliyewahi kuisimamia Mathari, aliitegemea katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani. Kwamba marehemu walilinganishwa na vipimo vya Wazungu vilivyochukuliwa na watu wengine, mahali pengine, na kwamba maradhi na lishe duni huacha athari katika mwili wa mtu, hayo hayakuwashughulisha sana.

Kwa hiyo hoja ya kuhifadhi tishu za ubongo na kuwagawia watafiti haiwezi kuzungumzwa Nairobi kana kwamba ndiyo kwanza izuke.

Walakini haja yenyewe ni ya kweli. Picha na vipimo vya damu hutoa dalili nyingi, lakini ugonjwa wa Alzheimer, unaowapokonya wazee wetu kumbukumbu, aghalabu huthibitishwa kwa yakini pale tu tishu yenyewe inapochunguzwa baada ya kifo. Ubongo, wenye uzito upatao kilo moja na robo au zaidi, hutolewa mapema iwezekanavyo. Sehemu moja hutiwa fomalini, kisha vipande vyake huzamishwa katika nta, na sehemu nyingine hugandishwa kwa baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, ili protini na chembe za urithi zisiharibike (na hapo ole wake maabara isiyo na jenereta). Mtafiti hapewi ubongo mzima, bali hupelekewa kipande kidogo chenye nambari pasipo jina, hata ubongo mmoja ukaweza kuwahudumia wengi kwa miongo. Vioo vya Alois Alzheimer mwenyewe, vyenye tishu za mgonjwa wake Auguste Deter aliyefariki mwaka 1906, vilipatikana Munich katika miaka ya 1990 vikachunguzwa upya.

Tatizo ni kwamba hazina za kuhifadhia tishu za ubongo zimejaa zile za watu wa asili ya Ulaya. Jeni iitwayo APOE, ambayo aina yake ya nne huwaongezea hao hatari ya Alzheimer, yaonekana kuwa na uzito mdogo zaidi kwa Waafrika wengi, na sababu yake haitapatikana kwa kuchunguza bongo za London peke yake. Ibadan, nchini Nigeria, wameanzisha hazina yao; na hapa Nairobi Chuo Kikuu cha Aga Khan, ambacho hospitali yake iko Parklands, kina taasisi ya ubongo na akili.

Lakini nani atamwendea mfiwa? Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, akazikwa Mei 1987, baada ya mjane wake na ukoo wake kugombea maiti mahakamani nchi nzima ikisikiliza. Na Waislamu, kwa upande wao, huharakisha maziko. Kuomba ubongo mlangoni mwa chumba cha maiti, machozi hayajakauka, naona ni ukatili, na jibu litolewalo hapo si ridhaa. Sheria ya Kenya ya Tishu za Binadamu, Sura ya 252, yamruhusu mtu kuusia mwili wake kwa utafiti kwa maandishi, au kwa mdomo mbele ya mashahidi katika maradhi yake ya mwisho. Basi na aulizwe mwenyewe akiwa hai, mkewe, wanawe na ami zake wakisikia.

Wala isitoshe kuandika kwamba tishu itatumika kwa utafiti. Fomu ieleze ni kamati gani ya Nairobi itakayomjibu mgeni wa Boston atakayetaka kipande miaka ishirini baadaye, kwa mkataba upi kitavuka mpaka, mabaki yatazikwa wapi, na kwamba aila ina haki ya kuuliza kipande kilikwenda kwa nani na kuandikiwa jibu.