Mechi Tisa, Ushindi Tisa, Mwaliko Hakuna

Oktoba 1951, jijini New York, mpira wa kuanzisha mchezo uliruka juu na kumshukia Ollie Matson. Nyuma yake zilibaki yadi sita tu za uwanja. Mbele yake kulikuwa na yadi 94 na wanaume 11 wa Chuo Kikuu cha Fordham, kila mmoja akitaka kumlaza chini. Hakuna aliyefanikiwa. Katika mechi hiyo hiyo alidaka mwingine wa namna hiyo, akakimbia nao yadi 90 mpaka mwisho wa uwanja. San Francisco, timu ya Matson, wakashinda 32-26. Katika msimu mzima, hiyo ndiyo mechi pekee iliyowatoa jasho.

Kwa msomaji aliyezoea kandanda, futiboli ya Kimarekani ina undugu zaidi na raga. Mpira una umbo la yai, hubebwa au hurushwa kwa mikono, na mwenye kuufikisha ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani huwa amefunga tachidauni, yenye pointi sita. Katika mechi tisa za mwaka ule Matson alifunga tachidauni 21 na kukimbia na mpira jumla ya yadi 1,566. Hakuna mchezaji wa chuo nchini Marekani aliyemfikia kwa yadi hizo. Na timu yake iliposhambuliwa hakwenda kupumzika benchi. Alibaki uwanjani kuzuia.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo. Chuo Kikuu cha San Francisco kilianzishwa na mapadri Wajesuiti mwaka 1855, na timu yake iliitwa Dons. Ilichezea uwanja wa Kezar, ambao ulichukua watazamaji karibu 60,000, lakini mara nyingi majukwaa yalionekana matupu. Wapenzi wa mchezo jijini walikuwa na timu ya kulipwa ya 49ers, iliyotumia uwanja huo huo, na vyuo vikubwa vya jirani vya California na Stanford vilivyovuta umati. Vyuo hivyo viwili havikuwamo kwenye ratiba ya Dons. Ili kujaza tarehe, Dons walicheza hata na timu za wanajeshi: Camp Pendleton wakala 26-0, na kituo cha mafunzo ya wanamaji cha San Diego wakafungwa 26-7.

Kikosi kilikuwa mchanganyiko wa kila aina. Gino Marchetti, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano, alikuwa ameshapigana Vita Vikuu vya Pili huko Ulaya kabla ya kukanyaga chuo, na aliingia San Francisco juu ya pikipiki, jaketi la ngozi mwilini. Bob St. Clair, kijana wa mjini hapo hapo, alikuwa na urefu wa futi sita na inchi tisa, na alisifika kwa kula nyama mbichi. Burl Toler alitoka Memphis, katika jimbo la Tennessee, na kabla ya hapo alikuwa amecheza pamoja na Matson katika chuo cha jiji. Mkufunzi wao, Joe Kuharich, aliwapeleka kambini Corning, mji mdogo wenye joto kali kaskazini mwa California, akawakimbiza mpaka wakaomba msimu uanze. Kazi ya kuwatangaza magazetini ilikuwa ya kijana wa miaka 25 aliyeitwa Pete Rozelle.

Matson na Toler walikuwa wachezaji weusi pekee katika timu hiyo.

Novemba ilipofika, Dons hawakuwa wamepoteza hata mechi moja. San Jose State walipigwa mara mbili, 39-2 na 42-7. Idaho walifungwa 28-7, Santa Clara 26-7, na Pacific wakabebeshwa 47-14. Mechi ya mwisho ilichezwa Pasadena, kwenye uwanja wa Rose Bowl, na Loyola wakalala 20-2. Mechi tisa, ushindi tisa.

Kwa desturi ya futiboli ya vyuo, timu ya namna hiyo hualikwa kwenye mechi za sherehe zinazochezwa karibu na Mwaka Mpya. Mechi hizo ndizo zenye heshima, na ndizo zenye fedha. Kwa Dons, fedha lilikuwa jambo la kufa na kupona. Timu iliendeshwa kwa hasara, na mgawo wa mechi moja kubwa ungeweza kuiokoa. Lakini nyingi za mechi hizo zilikuwa Kusini: Orange Bowl mjini Miami, Sugar Bowl huko New Orleans, Gator Bowl huko Jacksonville. Huko sheria na mazoea viliwatenga weusi shuleni, kwenye mabasi, hotelini na viwanjani.

Hakuna aliyeweza kusema kuwa hakujua hali ilivyokuwa. Oktoba hiyo hiyo, katika jimbo la Oklahoma, Johnny Bright, nyota mweusi wa chuo cha Drake, alipigwa ngumi ya uso mbali kabisa na mpira na kuvunjwa taya. Picha zilizonasa tukio hilo hatua kwa hatua zilichapishwa magazetini, na mwaka uliofuata wapiga picha wake wakapewa tuzo ya Pulitzer.

Hadharani, sababu iliyotajwa ya kuwaacha Dons ni kwamba ratiba yao ilikuwa nyepesi. Wachezaji wenyewe walisimulia mengine. Kwa maelezo yao, ujumbe uliowafikia kupitia kwa kocha ulikuwa mfupi: mnaweza kuja Kusini, ila Matson na Toler wabaki. Hapakuitishwa kikao cha kupima faida na hasara, wala kura haikupigwa. Walijibu hapana, wakaenda zao. Miaka mingi baadaye, walipoulizwa kuhusu siku ile, waliizungumzia kama jambo ambalo halikuhitaji mjadala.

Siku ya Mwaka Mpya 1952, Georgia Tech waliwafunga Baylor 17-14 katika Orange Bowl. Chuo cha Dons nacho kilipiga hesabu zake, na hesabu hazikukubali. Muda mfupi baada ya msimu ule wa ushindi mtupu, Chuo Kikuu cha San Francisco kiliifuta timu ya futiboli. St. Clair, aliyekuwa bado na mwaka wa kucheza, alilazimika kuhamia Tulsa.

Wenzake walitawanyika, na kule walikokwenda waling'ara. Kuharich alichukuliwa kuifundisha Chicago Cardinals, na Matson akaenda huko huko, baada ya kupitia Helsinki kwenye Michezo ya Olimpiki ya 1952 na kurudi na medali ya shaba ya mita 400 na ya fedha ya kupokezana vijiti. Marchetti aligeuka kuwa mlinzi wa kutisha wa Baltimore Colts. St. Clair alirudi nyumbani kuchezea 49ers katika uwanja ule ule wa Kezar, na siku moja akawa meya wa mji wa Daly City. Matson, Marchetti na St. Clair wote watatu waliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa futiboli ya kulipwa. Kwa wachezaji wa kikosi kimoja cha chuo, hilo ni jambo adimu mno.

Mwaka 2000 Baraza la Seneti la Marekani lilipitisha azimio la kukiri kwamba timu ile ilionewa.

Toler hakuwahi kucheza mechi hata moja ya ligi ya kulipwa. Goti lake liliumia vibaya mwaka 1952 katika mechi ya nyota wa vyuo. Akageukia ualimu, akawa mkuu wa shule San Francisco, na mwaka 1965 ligi ya NFL ikamwajiri kuwa mwamuzi wake wa kwanza mweusi. Siku za shule alikuwa na wanafunzi. Mwishoni mwa wiki alivaa fulana ya mistari myeupe na myeusi na kupuliza filimbi.

Januari 1980 alipangwa kuchezesha Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, akiwa mwamuzi wa mstari. Hakuna mwamuzi mweusi aliyekuwa amefika hapo kabla yake. Pittsburgh Steelers waliwafunga Los Angeles Rams 31-19, mbele ya watazamaji zaidi ya laki moja. Kamishna wa ligi siku hiyo alikuwa Pete Rozelle, yule kijana aliyekuwa akiwatangaza Dons magazetini. Na mechi ilichezwa Pasadena, Rose Bowl, kwenye nyasi zile zile ambako Toler alitoka mshindi dhidi ya Loyola, Novemba 1951, akisubiri kualikwa.