Mnara wa mbao 54: mchezo uliotuketisha na vijana wetu

Jioni moja baada ya swala ya Alasiri, mzazi mmoja alifika mbele ya kamati ya msikiti wetu hapa Kanazi akiwa na huzuni kubwa. Mwanawe wa miaka 14 alikuwa amepewa fedha za madaftari, naye akazimaliza zote kwenye dubwi, ile mashine ya kamari inayomeza sarafu za shilingi 200. Mzazi yule alikwisha kumkanya mwanawe, alikwisha kumchapa, na siku hiyo alikuwa amemkuta tena pale pale. Hakuja kutuomba dua. Alikuja na swali: "Mnamkataza asiende kule, na mnafanya vyema. Je, mnamwita aje wapi?"

Sisi wanakamati tulitazamana. Kwa Ijumaa kadhaa khutba zetu zilikuwa zimekemea maysir, na hoja zilikuwa thabiti, kwani aya ya 90 ya Suratul Maida haimwachii Muislamu shaka yoyote kuhusu kamari. Lakini swali la mzazi yule halikuwa la hukumu. Lilihusu saa zilizo baina ya Alasiri na Magharibi, wakati kijana ametoka shule, amemaliza kazi za kibanjani, na hana pa kuketi. Katika saa hizo dubwi lilikuwa wazi, na mlango wa madrasa yetu ulikuwa umefungwa.

Jibu la kwanza lililetwa na kijana wetu mmoja anayejifunza useremala. Alikuja na mfuko wa vipande vya mbao 54, akavipanga juu ya meza vitatu vitatu, kila safu ikikingamana na iliyo chini yake, hata ukasimama mnara wa safu 18. Mchezaji huchomoa kipande kwa mkono mmoja na kukiweka juu kabisa. Mnara unazidi kurefuka, na wakati huohuo unazidi kutoboka. Anayeuangusha ndiye aliyeshindwa. Hakuna dadu, wala hakuna dau.

Duniani kote mchezo huo huitwa Jenga, nalo ni neno letu lilelile la kujenga nyumba. Aliyeubuni ni Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1955 na kukulia Afrika Mashariki, akisema Kiswahili tangu utotoni. Baadaye familia yake iliishi Ghana, na huko walicheza kwa vipande vya mbao vilivyotoka katika kiwanda cha kupasulia magogo cha Takoradi. Alipokuwa Uingereza, mjini Oxford, aliendelea kuwachezesha marafiki zake, na kwa kuona jinsi walivyoupenda ndipo alipoamua kuutoa kwa umma. Aliuzindua Januari 1983 katika maonesho ya vitu vya kuchezea ya London. Mauzo ya mwanzo hayakuwa makubwa. Kampuni zilipoanza kuutaka mchezo, jina lake halikuwavutia, kwa kuwa kwao halikuwa na maana yoyote. Yeye akashikilia kwamba jina libaki Jenga, na likabaki.

Fundi wetu alitueleza siri moja ya mchezo huo. Vipande vikilingana kabisa, mchezo hauendi. Ni lazima viwe na tofauti ndogo sana, isiyoonekana kwa jicho, ili kimoja kibane na kingine kilegee, na mchezaji alazimike kuvipapasa taratibu kabla ya kuvuta. Tofauti hiyo huwezi kuijua kwa kuketi peke yako na msumeno. Huijua kwa kutazama mikono ya wanaocheza.

Hapo kijana akatueleza jambo la pili, ambalo lilikuwa geni zaidi kwetu. Upo mchezo wa mezani ambao watu hawashindani, bali husimulia hadithi moja kwa pamoja. Mmoja huwa msimulizi, na kila mmoja wa wengine hujitwika nafsi ya mtu fulani katika hadithi, akaamua mtu huyo atasema nini na atatenda nini. Mashuhuri kuliko yote ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, nao hutegemea dadu. Tangu wakati huo wamekuwepo wabunifu wanaojitegemea, wasio na kampuni kubwa nyuma yao, wanaoandika michezo ya namna hii, kuijaribu na wachezaji na kuirekebisha. Mwaka 2005 wawili kati yao, Epidiah Ravachol na Nathaniel Barmore, walitoa mchezo uitwao Dread. Humo waliondoa dadu na mahali pake wakaweka mnara wa Jenga. Mtu wako akitaka kufanya jambo la hatari, unachomoa kipande. Mnara ukianguka mkononi mwako, mtu wako ametoka katika hadithi.

Dread ni mchezo wa visa vya kutisha, na hivyo hatukuvihitaji. Kijana wetu alichukua kanuni tu, akatunga hadithi yake mwenyewe: msafara wa karne ya 19 unaotoka Unyanyembe kuelekea Kafuro, kituo cha wafanyabiashara katika Karagwe ya Mukama Rumanyika, kisha unavuka mto Kagera kwenda Buganda. Ni katika njia za biashara kama hizo ndipo Uislamu ulipoanza kuzifikia pande zetu hizi. Kabla ya kuanza, kila mchezaji hupewa karatasi yenye maswali. Umemwacha nani nyumbani? Nani anakudai, na umeahidi kumlipa lini? Umepewa amana gani uifikishe Kafuro?

Tuliruhusu majaribio ya Jumamosi nne, na kwa kweli tulijifunza zaidi kwa kumtazama mtungaji kuliko kwa kuutazama mchezo. Kila walipomaliza, hakuwauliza kama wameupenda. Aliwauliza maswali matatu, akaandika majibu yao kwenye daftari: ni wapi mlichoka, ni wapi hamkuelewa, na ni wapi mlitamani tuendelee? Jumamosi ya kwanza walimwambia kwamba maelezo yake ya mwanzo ni marefu kama khutba, naye akayapunguza hadi nusu ukurasa. Walimwambia kwamba mfanyabiashara ana mengi ya kuamua na mpagazi hana, naye akampa mpagazi ujuzi wa njia, ili mwenye mali asiweze kusonga bila ya kumuuliza.

Jumamosi ya pili alizungumza yule mtoto wa miaka 14, ambaye baba yake alikuwa amemleta karibu kwa nguvu. Alikuwa ameangusha mnara mapema, na tangu hapo alikaa ukutani akiwatazama wenzake. Alipoulizwa ni wapi alichoka, alijibu kwa sauti ya chini: "Nikiuangusha natoka kwenye hadithi. Sasa nikitoka, nakwenda wapi?"

Lilikuwa karibu swali lilelile la baba yake, wala hakujua kwamba tulikwisha kulisikia. Mtungaji hakumjibu kwamba hizo ndizo kanuni. Alikaa na daftari lake juma zima. Jumamosi ya tatu kanuni ilikuwa imebadilika: anayeangusha mnara hatoki mezani, anahamia upande wa msimulizi. Anakabidhiwa mto, mvua, na wenyeji ambao msafara utakutana nao, na wenzake watamwomba yeye njia. Mtoto yule alikabidhiwa mto Kagera, akaufurisha maji kwa furaha ambayo hatukupata kumwona nayo darasani.

Si wote waliokubali upesi. Mzee mmoja wa kamati, mtu tunayemheshimu, alituuliza mambo mawili. Je, huu si upuuzi unaokula wakati wa ibada? Na mtu kusema "mimi ni mpagazi wa Unyanyembe" hali yeye ni mtoto wa Kanazi, je, si uongo? Tuliyachukua maswali yake kwa uzito. Juu ya la kwanza, tulirejea yale ambayo maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii waliyajadili kuhusu sataranji. Waliutofautisha mchezo wa fikra na mchezo wa dadu ambao Mtume (s.a.w.) aliukataza, na hata huo wa fikra wakauwekea masharti: usiwe na dau, usipitishe swala, usilete matusi. Juu ya la pili, tulikumbushana kwamba Maqamat ya al-Hariri wa Basra, yanayosomwa na wanafunzi wa Kiarabu hadi leo, ni visa vya mtu wa kubuni. Uongo ni kumfanya mtu aamini lisilokuwepo, na katika meza yetu hakuna anayedanganyika. Mzee alikubali kwa sharti moja zaidi, kwamba adhana ikisikika mnara uachwe kama ulivyo, hata kama mkono u katikati ya kuchomoa. Tuliliandika sharti hilo katika kumbukumbu za kikao.

Jumamosi ya nne ilikuwa zamu ya meza ya wasichana, wakiongozwa na ustadha wao. Zipo kanuni katika Dread zinazomruhusu mchezaji kuuangusha mnara kwa makusudi: mtu wake huangamia, lakini jambo alilolikusudia hutimia. Mtungaji alikuwa ameiacha kanuni hiyo bila kudhani kwamba itatumika. Msafara wao ulifika mtoni usiku, mtumbwi ni mmoja, maji yamejaa, na miongoni mwao yumo yatima ambaye wamemwokota njiani. Binti mmoja wa miaka 12 aliitazama karatasi yake kwa muda. Kisha akamgeukia mwenzake, akasema: "Amana yangu ichukue wewe. Ni ya mjane wa Kafuro, usisahau jina lake." Akausukuma mnara kwa kiganja.

Mbao zilimwagika sakafuni, na kwa muda hakuna aliyeinama kuziokota. Yule mwenzake aliomba kalamu ili aliandike jina la mjane. Mzee wetu, ambaye alikuwa barazani akijifanya anasoma gazeti, alisema bila kuinua macho: "Jumamosi ijayo niwekeeni kiti."

Ndugu msomaji, hatudai kwamba dubwi limefungwa. Lingali pale pale, na mtoto yule baadaye alikosekana Jumamosi mbili, nasi tunajua alikuwa wapi. Ya tatu alirudi, na hakuna aliyemuuliza kitu. Alikuta mto wake ukimngoja. Tunachoweza kusema ni kwamba tumeanza kupambanua. Ile mashine haimjui anayeicheza, wala haimuulizi kitu. Imeundwa ili mwisho wa siku ibaki na sarafu yake. Mchezo huu umetengenezwa na mtu aliyeketi mezani na wanaoucheza, akawasikiliza, akafuta alichokiandika. Vijana wetu wameiona tofauti hiyo kwa macho yao, na wengine sasa wanaandika safari zao wenyewe.

Kwa kamati na wazazi watakaopenda kujaribu, gharama ni ndogo. Fundi seremala yeyote anaweza kuranda mbao za paini na kukata vipande 54, kila kimoja urefu wa sentimita 7.5, upana 2.5 na unene 1.5, kisha akavipiga msasa bila kuhangaika mno vilingane. Hadithi ichukuliwe katika historia ya mahali penu, na wazee waulizwe. Wavulana na wasichana wawe na meza zao, na mtu mzima awepo, asiyekatiza. Lililo kubwa kuliko yote ni lile daftari. Kila wakimaliza waulizwe walichoka wapi, na wakijibu, kitu kibadilike.

Tulidhani tunawafungulia watoto mlango wa madrasa kwa saa mbili. Kumbe tulikuwa tunajifunza kuuliza, jambo ambalo kamati nyingi, yetu ikiwa ya kwanza, tumezoea kuwaachia wengine. Mzazi yule aliyetuuliza swali lake jioni ile bado hatujampa jibu kamili, lakini sasa anajua mahali pa kumtafuta mwanawe Jumamosi.

Wabillahi tawfiq.