Diski Kuu Inayokwama Mara kwa Mara: Kutafuta Chanzo na Kuokoa Data ya Utafiti

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii inamhusu mno mwanafunzi wa Kiswahili wa leo, ambaye hurudi kutoka uwandani akiwa na saa nyingi za sauti zilizorekodiwa, akazihifadhi zote katika tarakilishi moja. Diski inapoanza kugoma, wengi wetu huwasha na kuzima mashine, huomba Mungu, kisha huendelea na kazi. Makala haya yanaeleza namna ya kuchunguza diski kuu inayokwama mara kwa mara, kwa kutumia kisa kilichomfika mwandishi alipokuwa akikusanya fasihi simulizi ya Wabukusu huko Ndalu, katika Kaunti ya Bungoma, upande wa kuelekea Kitale.

Kuhusu istilahi, tutatumia neno tarakilishi lililozoeleka nchini Kenya, ingawa wenzetu wa Tanzania husema kompyuta, na wengine ngamizi. Kwa diski kuu tunakusudia kifaa kilichomo ndani ya mashine ambacho hutunza faili hata umeme ukizimwa.

Kisa chenyewe

Katika diski hiyo mlikuwamo masimulizi ya wazee kuhusu Mango, shujaa wa Wabukusu aliyeliua joka. Mmoja wa wasimulizi alikuwa ameshafariki dunia, kwa hivyo hapakuwa na namna ya kumrudia. Jioni moja mashine iliganda, ikatoa mlio wa ‘tak, tak’, na ilipowashwa tena ikadai kwamba haina diski. Kesho yake asubuhi ilisoma faili zote kama kwamba hakukuwa na lolote. Siku chache baadaye, jioni vilevile, ikakwama. Fundi alishauri inunuliwe diski mpya, nayo ikanunuliwa. Mwezi haukuisha kabla diski hiyo ya pili haijaanza kupotea kama ya kwanza.

Diski hufanyaje kazi?

Diski kuu ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 na iliweza kuhifadhi takribani herufi milioni 5. Ukubwa umebadilika lakini kanuni ni ile ile: sahani zilizopakwa sumaku huzunguka, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vidogo husoma na kuandika juu yake bila kuzigusa. Nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani ni finyu mno kuliko unene wa unywele. Chembe moja ya vumbi la barabarani yatosha kuikwaruza sahani. Ndiyo maana hairuhusiwi kamwe kukifungua kifuniko cha diski nyumbani au dukani. Diski za kisasa zisizo na sahani hazina sehemu inayozunguka, lakini nazo hufa, tena pengine ghafla bila kutoa mlio wowote.

Hatua ya kwanza: okoa kabla ya kutengeneza

Kosa kubwa la mwandishi lilikuwa kuendesha programu ya kurekebisha diski kabla ya kunakili faili. Programu za aina hiyo hukusudia kuuweka sawa mpangilio wa diski. Hazina ahadi ya kuokoa maandishi au sauti yako. Faili iliyovurugika yaweza kukatwa ili mpangilio usalimike. Zaidi ya hayo, diski iliyo mahututi huchoshwa na kusomwa kote. Kwa hivyo, diski ikisomeka hata kwa nusu saa, nakili kwanza kilicho adimu kwenye diski nyingine. Ikiwa baadhi ya sehemu hazisomeki, ipo programu huria ya ddrescue ambayo huchukua kwanza sehemu nzima, kisha hurudia zile zenye matatizo. Diski ikitoa mlio usiokoma au ikikataa kuzunguka, izime na umpelekee mtaalamu wa kuokoa data.

Hatua ya pili: chunguza kutoka nje kwenda ndani

Kauli ya mashine kwamba ‘diski haisomeki’ ni dalili, wala si jina la ugonjwa. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu pamoja hutajua kipi kilichoponya. Anza na kebo ya data, kisha kituo inapochomekwa, kisha umeme. Kwa diski ya nje inayotumia USB, jaribu kebo fupi na tundu jingine, kwani huenda inakosa nguvu ya kutosha.

Halafu isome taarifa ambayo diski hujiwekea yenyewe, iitwayo SMART. Idadi ya sekta zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa ikizidi kupanda, sahani zinaharibika na diski iachwe. Makosa ya mawasiliano yakipanda ilhali sekta ni salama, shuku kebo kwanza.

Diski ya kwanza ilipofungwa katika mashine nyingine ilifanya kazi bila kukwama, na sekta zake zilikuwa nzima. Hapo ndipo swali lilipogeuka. Diski mbili zinapougua katika mashine moja, tazama kile ambacho hakikubadilishwa. Aidha, hitilafu ilitokea jioni, nguvu ya umeme iliposhuka kijijini kwa kuwa kila nyumba imewasha taa. Kifaa cha kugawa umeme ndani ya mashine, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, kilikuwa kimechoka na hakikuweza kuvumilia upungufu huo. Diski ilikosa nguvu, vichwa vikarudi mahali pa kupumzikia, vikajaribu tena, vikarudi tena. Huo ndio uliokuwa ule mlio. Kilipobadilishwa, diski zote mbili zilitulia.

Hitimisho

Masimulizi mengi yalipatikana. Hata hivyo, simulizi moja ya marehemu ilikatwa na ile programu ya kurekebisha, na imebaki nusu hadi leo. Hasara hiyo haikuletwa na diski wala na pawasaplai, bali na haraka ya mtafiti. Tunapendekeza basi kila mtafiti awe na nakala tatu za data yake, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mbali na nyumbani. Tunawasihi pia wahadhiri waulizie nakala hizo kabla mwanafunzi hajaanza kuandika sura ya kwanza. Mzee husimulia mara moja. Wajibu wa kuhifadhi ni wetu.