Mshukiwa Naye Ana Haki ya Kuuliza

Sipingi abiria kupekuliwa uwanjani. Tangu Septemba 11, 2001, ndege 4 zilipotekwa nyara nchini Marekani, hakuna mwenye busara awezaye kudharau ukaguzi. Lakini ukaguzi wa wote si sawa na orodha ya siri ya waliopigwa marufuku kupanda ndege. Sisi wanaisimu twajua kwamba neno "mshukiwa" latokana na kauli ya kutendwa: anayeshuku yupo, ila hatajwi. Mwaka 2014, mahakama ya shirikisho katika jimbo la Oregon iliamua kwamba kutompa aliyeorodheshwa sababu wala nafasi ya kweli ya kujitetea kulikiuka katiba. Naiunga mkono. Serikali na ishuku, lakini ijitaje na itoe sababu.