Nyayo bapa: raba ya mtumba ipimwe kwa mkono, si kwa jina

Anayekaa Lushebere, kwenye vilima vya Masisi, hupanda na kushuka kwa miguu kila siku, na mvua ikinyesha udongo huwa utelezi mtupu. Akitaka pia kukimbia kwa mazoezi, raba atakayoipata mara nyingi ni ya mtumba, wala hakuna mashine ya kumpima wayo. Mwenye nyayo bapa afanyeje?

Kwanza, aondoe hofu. Karibu watoto wote huanza na nyayo bapa. Uvungu wa wayo hujengeka kadiri wanavyokua. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 1992, kwa watoto 2,300, ulikuta nyayo bapa kwa asilimia 8.6 ya waliovaa viatu, na asilimia 2.8 tu ya waliozoea kwenda peku. Mtoto anayecheza mpira peku aogopewe misumari na vipande vya chupa, si nyayo bapa.

Mtu mzima alowanishe mguu, akanyage sementi kavu. Alama ikijaa bila mkato upande wa ndani, wayo ni bapa. Kisha asimame kwa ncha za vidole: uvungu ukijitokeza, kwa kawaida hakuna tatizo. Usipojitokeza, au akisikia maumivu, amwone mhudumu wa afya.

Mguu kulalia ndani kidogo unapotua ni kawaida. Ndivyo unavyopunguza kishindo. Wanaolalia zaidi huambiwa wanunue raba yenye ubavu mgumu wa ndani. Ushahidi umegawanyika. Huko Denmark, utafiti wa 2014 uliwavisha wakimbiaji wapya 927 kiatu cha aina moja kisicho na ubavu huo, na wenye miguu ya kulalia ndani hawakuumia zaidi ya wenzao. Luxembourg, mwaka 2016, wakimbiaji 372 walipojaribiwa, wenye miguu hiyo waliovaa kiatu chenye ubavu mgumu waliumia kwa uchache zaidi. Basi kinaweza kusaidia, lakini si lazima.

Sokoni, hatari kubwa zaidi ni raba iliyopindwa na mwendo wa aliyeivaa kwanza. Weka raba juu ya meza, itazame kwa nyuma: kisigino kikiwa kimelala upande mmoja, iache. Minya kisigino, kisibonyee ovyo. Ikunje, ikunjike penye vidole, si katikati. Ikisokoteka kama nguo inayokamuliwa, haifai. Kagua meno ya soli, maana Masisi ni tope. Jaribu jozi nzima jioni, miguu ikiwa imetanuka, na utembee nayo. Inayokaa vizuri ndiyo ya kununua, hata kama jina lake hulijui.