Maji ya Chemchemi na Maji ya Mferejini

Tangu Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hata 1888, alipoyaleta mjini kwa mabomba maji ya chemchemi za pande za Bububu, wengi wetu tumeyaamini maji ya mfereji kwa ajili ya usafi wa asili yake. Na imani hiyo, ijapokuwa si batili, aghalabu hutughafilisha, kwa kuwa baina ya chemchemi na mtungi pana safari ndefu, na hatari kubwa imo safarini.

Ardhi yetu, sehemu kubwa, ni mawe ya matumbawe yenye mianya, ambamo maji ya mvua huzama upesi pasipo kuchujika vya kutosha, na pamoja nayo huzama yatokayo katika makaro ya vyoo. Fauka ya hayo, maji huja kwa mgao. Na bomba lililokauka, penye ufa, badala ya kuvujisha nje huvuta ndani uchafu wa mtaroni. Ndiyo maana mpimaji aijuaye kazi yake haridhiki na mfereji ulio jirani na tangi, bali huuendea ule wa mwisho kabisa wa mtaa.

Hapo huyaacha maji yamwagike kidogo, akajaza kichupa, akatia kidonge na kukitikisa: yakigeuka rangi ya waridi, klorini iliyotiwa tangini ingalipo, na kadiri rangi ikoleavyo ndivyo ilivyo nyingi. Atakalo ni isipungue miligramu 0.2 kwa kila lita. Kisha huuchoma moto mdomo wa mfereji, akakinga maji mengine katika chupa iliyotakaswa, akaiweka ndani ya sanduku la barafu. Huko maabara, mililita 100 hupitishwa katika chujio lenye vitundu visivyopitisha vijidudu, nalo chujio hulazwa juu ya chakula chao katika joto la nyuzi 44 hata asubuhi, ndipo huhesabiwa madoa yaliyoota. Kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, kijidudu cha kinyesi kiitwacho E. koli hakitakiwi hata kimoja.

Lakini jibu hilo huja kesho, na maji yenyewe yamekwisha nyweka. Maabara, kwa rai yangu, ni kadhi ahukumuye yaliyopita, na klorini ndiye bawabu aliye mlangoni sasa hivi. Wilaya yenye fedha haba ni aula ipime rangi ya waridi kila siku katika mitaa mingi kuliko kungojea ripoti nzuri ya mara moja kwa mwezi. (Chumvi ya visima vya pwani ni habari nyingine: haiondoki kwa klorini wala kwa kuchemsha, na ulimi waijua kabla ya mpimaji.)

Jirani yangu hulalamika kila mara kwamba maji yananuka dawa. Mimi hayo huyanywa. Yale yarudiayo baada ya siku tatu za ukavu, nayo hayanuki kitu, ndiyo niyachemshayo.